Mtoto Anaposema Tumbo Linauma

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, yamkini nawe umepata kuyaona haya nyumbani kwako. Ni Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi. Chai iko tayari, sare imepigwa pasi tangu jana jioni, na mtoto wa darasa la tatu ambaye Jumamosi na Jumapili alishinda akikimbia uani, sasa ameketi kitandani ameshika tumbo. "Mama, tumbo linauma." Ukimgusa paji la uso, hana homa. Ukimwuliza linauma wapi, mkono unazunguka tu, hauna mahali unapotua. Ikifika saa nne, nawe umekwisha kumruhusu abaki nyumbani, maumivu yote yameondoka naye anaulizia mpira wake.

Katika nyumba ninayopanga hapa Dar es Salaam, pamoja na familia nyingine nne, jambo hili lilidumu karibu miezi miwili. Mama wa mtoto huyo ni mshonaji nguo. Baba yake anafanya kazi bandarini kwa zamu. Mtoto alipelekwa zahanati akapimwa malaria, hakuna. Akapimwa choo, akapewa dawa ya minyoo kwa tahadhari. Bibi yake aliyekuja kutoka Mkuranga akasema ni chango, akachemsha mizizi. Wote walikuwa na nia njema, na wote walikosea, maana ugonjwa wenyewe haukuwa tumboni. Ulikuwa kwenye kivuko cha mfereji, kiasi cha hatua 200 kabla ya lango la shule, ambako kila asubuhi wavulana wawili wa darasa la sita walimngoja wakimtaka atoe Sh. 500 alizopewa na mama yake kwa ajili ya kula. Akiwa nazo, anapita. Asipokuwa nazo, mkoba unatupwa mferejini.

Mama aligundua siku alipokuwa akianika madaftari juani. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki nzima.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Baba aliporudi kutoka zamu ya usiku akaelezwa, alikasirika, na hasira yake ikamwangukia mtoto. Akamwambia kwamba katika ukoo wao hakuna mwanamume wa kulialia, na kwamba kesho yake aokote jiwe. Mtoto alitii. Jiwe halikumpata yeyote kati ya wale wawili. Lilimpata msichana wa darasa la pili aliyekuwa akipita, juu kidogo ya jicho, akashonwa nyuzi nne. Kwa hiyo siku ile mtoto aliyeonewa kwa miezi miwili alisimama ofisini kwa mwalimu mkuu kama mkosaji, na wale wawili wa darasa la sita wakaitwa kuwa mashahidi.

UONEVU NI NINI HASA

Watoto hugombana. Watoto wawili wenye kimo kimoja wakigombea zamu ya kuruka kamba, wakasukumana, na baada ya nusu saa wakawa wanagawana karanga, hapo hapana la kumwita mzazi. Uonevu ni jambo jingine. Wataalamu wameuweka katika alama tatu, nazo ni rahisi kukumbuka. Kwanza, hufanywa kwa makusudi. Pili, hurudiwa siku baada ya siku. Tatu, nguvu za pande mbili hazilingani, iwe ni nguvu za mwili, za umri, za wingi, au hata za ulimi tu, maana wapo watoto wadogo wa mwili ambao ulimi wao unaweza kulifanya darasa zima limcheke mwenzao hadi aikimbie shule.

Mtu aliyefanya mengi katika kulichunguza jambo hili kitaalamu ni Dan Olweus, Mswidi aliyefanya kazi miaka mingi ya maisha yake katika mji wa Bergen, nchini Norway. Kitabu chake cha kwanza juu ya uonevu shuleni kilitoka Sweden mwaka 1973, wakati ambapo mahali pengi uonevu ulihesabiwa kuwa ni mambo ya utoto yatakayopita yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1982 wavulana watatu wa kaskazini ya Norway, wenye umri wa kati ya miaka 10 na 14, walijiua, na dalili zote zilionyesha kwamba kisa kilikuwa mateso waliyoyapata kwa wanafunzi wenzao. Nchi nzima ilishtuka. Mwaka uliofuata Wizara ya Elimu ikaanzisha kampeni katika shule zote, na Olweus akawafuatilia wanafunzi wapatao 2,500 wa shule 42 za Bergen kwa muda wa miaka miwili na nusu. Uonevu katika shule hizo ulipungua kwa karibu nusu.

Walifanya nini? Kwa sehemu kubwa walifanya mambo ambayo hata shule maskini inaweza kuyafanya. Watu wazima walitoka nje wakati wa mapumziko, wakatazama. Kila darasa liliwekewa kanuni chache zilizo wazi dhidi ya uonevu, na likawa na kikao cha mara kwa mara cha kuzizungumzia. Aliyeonea aliitwa akaambiwa bila kuficha, aliyeonewa akasikilizwa, na wazazi wa pande zote mbili wakaitwa.

Tusidhani kwamba hayo ni ya Wazungu peke yao. Mwaka 2019 shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, UNESCO, lilikusanya taarifa za nchi nyingi za mabara yote na kuonyesha kwamba karibu mwanafunzi mmoja katika kila watatu alikuwa ameonewa na wenzake shuleni angalau mara moja katika mwezi uliotangulia kuulizwa kwake. Hesabu hiyo ukiipeleka katika darasa la mwanao utaona kwamba si suala la mtoto mmoja mnyonge anayeketi nyuma.

UTANI UNA PANDE MBILI

Mtoto anayeonea, akibanwa, aghalabu hujitetea kwa neno moja: "Nilikuwa namtania." Na sisi wakubwa, kwa kuwa tumelelewa katika utani, hulikubali neno hilo upesi kupita kiasi.

Hebu tuukumbuke utani wenyewe ulivyo. Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Mnyamwezi atamwambia Mzaramo maneno ambayo mtu mwingine akiyasema patachimbika. Lakini Mzaramo naye ana haki ile ile ya kumjibu, tena kwa maneno makali zaidi, na wote wawili watacheka. Kisha siku ya msiba, mtani huyo huyo ndiye utakayemwona akihangaika na kazi za mazishi huku akiwachekesha wafiwa. Utani una haki, una zamu, na una wajibu. Mtoto mwenye kigugumizi ambaye kila anaposimama kusoma darasa linamwigiza, yeye ana haki gani ya kujibu? Mtoto mwenye ualbino anayenyang'anywa kofia yake saa sita mchana, akakimbizwa juani mpaka ngozi inawaka, yeye zamu yake ya kucheka ni lini? Penye kucheka upande mmoja tu, hapo utani haupo, na mzazi anaweza kumfundisha mtoto wake kipimo hicho hata kabla hajaanza darasa la kwanza.

Kuna uonevu mwingine usio na ngumi wala matusi, na huu nimeuona zaidi miongoni mwa wasichana, ingawa wavulana nao hawajambo. Ni kususiwa. Msichana mmoja mwenye sauti anawaambia wenzake, "Asicheze rede na sisi," na kuanzia siku hiyo mwenzao hukaa peke yake chini ya mwarobaini wakati wa mapumziko, wiki hata wiki. Hana jeraha la kumwonyesha mama. Akisema, ataambiwa, "Basi tafuta marafiki wengine," kana kwamba marafiki huuzwa gengeni. Na siku hizi kususiwa huko huendelea hata jioni, kwa simu za wakubwa ambazo watoto huzishika; maneno yaliyoanzia uwanjani huhamia kwenye kundi la WhatsApp na mtoto hana pa kupumzikia.

KWA NINI HASEMI

Wazazi wengi husema, "Mbona hakuniambia?" Swali hilo ni la haki, ila mara nyingi jibu lake tunalo sisi wenyewe.

Mtoto hasemi kwa sababu ametishwa kwamba akisema atapata zaidi. Hasemi kwa sababu anaona aibu, hasa mvulana ambaye baba yake husifu ushujaa mezani. Hasemi kwa kuwa mara ya kwanza aliposema aliambiwa, "Na wewe ulimfanya nini?" Na hasemi kwa kuwa shuleni neno baya kuliko yote ni kuitwa mchongezi.

Hilo la mwisho linahitaji kutenguliwa nyumbani, kwa maneno ambayo mtoto wa miaka minane anaweza kuyashika. Kuchongea ni kusema ili mwenzako aadhibiwe. Kutoa taarifa ni kusema ili mtu asiendelee kuumizwa, awe ni wewe au mwingine. Mtoto akija kukuambia kwamba dada yake amelamba sukari, huko ni kuchongea. Akija kukuambia kwamba dada yake anafuatwa njiani, huko ni kutoa taarifa, na ni lazima aone kwamba umeweka sufuria chini na kumgeukia. Akikuona unaendelea kukoroga ugali huku unaitikia "mh, mh", hatarudia tena.

Namna ya kuuliza nayo ina maana yake. Ukimwuliza mtoto, "Shule ilikuwaje?" atakujibu, "Nzuri," na mazungumzo yamekwisha. Mwulize leo alikaa na nani wakati wa mapumziko. Mwulize ni sehemu gani ya shule asiyopenda kupita. Swali hili la pili limenishangaza kwa jinsi linavyofungua vinywa. Nimewauliza watoto kadhaa wa mtaani kwetu, na majibu yao yamekaribiana: vyooni, foleni ya bomba la maji, nyuma ya madarasa, kituo cha daladala, na, katika shule zenye zamu mbili, ile nusu saa ambayo wa asubuhi wanatoka na wa mchana wanaingia. Mwalimu anayetaka kuupunguza uonevu shuleni kwake hana haja ya kwenda mbali. Na asimame mahali hapo.

Mwili wa mtoto nao husema. Tumbo la Jumatatu tumeliona. Kuna kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekwisha kuacha. Kuna kalamu zinazopotea kila wiki, kuna mtoto anayerudi na njaa kana kwamba hakupewa fedha, kuna anayebana mkojo kutwa nzima kwa kuogopa choo cha shule na kukimbilia cha nyumbani hata kabla ya kuvua mkoba. Moja kati ya hayo si ushahidi. Yakiwa matatu, mzazi hapana budi aanze kuuliza.

KUHUSU LILE JIWE

Nawajua wasomaji wengi watakaosema kwamba baba yule hakukosea, isipokuwa shabaha tu. Tumekua tukiambiwa kwamba mbabe akipigwa mara moja hunywea, na kila mmoja wetu anacho kisa chake cha mtoto mdogo aliyempiga mkubwa akaheshimiwa mpaka leo. Visa hivyo huhadithiwa kwa sababu ni adimu. Wale waliojaribu wakapigwa mara mbili zaidi hawahadithii.

Tazama hesabu yenyewe. Uonevu ni kutolingana kwa nguvu. Kumwambia mdogo arudishe ni kumtuma kwenye pambano ambalo tumekwisha kukubali kwamba halilingani. Akishindwa, ameonewa tena, na safari hii kwa amri ya baba yake. Akitumia silaha ili alinganishe nguvu, jiwe, bikari au wembe wa kuchongea penseli, tumeingia katika mambo ambayo hayarekebishiki kwa kuomba radhi. Msichana yule wa darasa la pili angaliweza kupoteza jicho.

Yako pia makosa ya upande wa pili. Mzazi anayevizia njiani na kumzaba makofi mtoto wa mwenziwe amefanya uonevu wa wazi, mtu mzima kwa mtoto, na anaweza kujikuta kituo cha polisi kabla ya mbabe mwenyewe kuguswa. Wala si busara kukimbilia kumshitaki mtoto. Kwa sheria ya Tanzania mtoto aliye chini ya umri wa miaka 10 hahesabiwi kuwa ametenda kosa la jinai. Hili ni jambo la malezi, na lazima liendeshwe hivyo.

YANAYOWEZA KUFUNDISHWA JIONI

Mama mshonaji, baada ya lile balaa, alifanya jambo ambalo mwanzoni nililiona kama mchezo. Kila jioni baada ya chakula alimwita mdogo wake, yaani mjomba wa mtoto, asimame uani awe mbabe. "Toa hela." Mtoto akacheka. Siku ya pili alicheka tena, kisha akatazama chini, akanong'ona. Siku ya tatu sauti ilitoka.

Alichofundishwa kilikuwa kifupi. Simama wima, mabega nyuma. Mtazame usoni, kama macho yanakushinda, mtazame katikati ya nyusi, hatajua tofauti. Sema maneno machache kwa sauti ambayo mtu wa pili ataisikia: "Sitaki. Niache." Usitukane, kwa sababu tusi humpatia mbabe kisa alichokuwa akikitafuta. Kisha ondoka, tena ondoka kuelekea penye watu, usingoje jibu. Mbabe hula kile anachokipata usoni mwa mwenziwe: machozi, hasira, kukimbia ovyo. Akivikosa mara kadhaa, aghalabu huchoka. Sisemi kila mara, nasema aghalabu.

Mtoto asikatazwe kulia. Alie nyumbani, alie mpaka amalize, na asiambiwe kwamba wanaume hawalii.

Kuhusu fedha, mama aliweka kanuni ambayo naiunga mkono kwa moyo wote: wakikuzidi wingi, au wakikushika, au ukiona kitu mkononi, toa hizo Sh. 500, kimbia, na uje uniambie siku hiyo hiyo. Hakuna fedha ya kula inayolingana na jino. Mtoto ajue kwamba hatagombezwa kwa kuzitoa, la sivyo atazitetea kwa kuogopa kipigo cha nyumbani.

Kisha akamhesabia watu wazima kwa vidole vitano, watu ambao anaweza kuwakimbilia kati ya nyumbani na shuleni. Mwalimu wa darasa, mjomba, yeye mama, mlinzi wa lango. Wa tano ndiye aliyenifurahisha: mama anayekaanga mihogo karibu na kile kivuko. Mama wa mtoto alikwenda kumwona, akajitambulisha, akamwonyesha mtoto. Muuza mihogo alikuwa amewaona wale wavulana kila asubuhi akidhani ni ndugu. Kuanzia siku hiyo aliligeuza benchi lake likatazama kivuko.

Hatua ya mwisho ilikuwa kundi. Watoto watano wa mtaa mmoja waliokuwa wakienda shule ile ile, kila mmoja kwa wakati wake, wakapangwa waondoke pamoja saa kumi na mbili na nusu. Mtoto wa darasa la tatu aliye peke yake ni windo. Watano, hata wakiwa wadogo, ni kelele kubwa, na mbabe hapendi kelele.

WALE WANAOTAZAMA

Katika jiji la Toronto, nchini Kanada, watafiti watatu, Hawkins, Pepler na Craig, walitumia kamera na vinasa sauti kuwachunguza watoto wa shule za msingi katika viwanja vyao vya michezo. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2001 yanastahili kubandikwa katika kila ofisi ya walimu. Katika visa 306 vya uonevu, watoto wengine walikuwapo wakitazama katika asilimia 88. Walioingilia walikuwa katika asilimia 19 tu. Lakini walipoingilia, zaidi ya nusu ya nyakati hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10.

Sekunde 10, ndugu msomaji.

Niseme langu. Katika shule niliyosoma alikuwapo mvulana mwenye kigugumizi. Tulikuwa naye darasa la nne na la tano. Wapo wawili au watatu waliokuwa wakimwigiza. Sisi wengine, zaidi ya hamsini, tulikuwa tukicheka. Mimi nilikuwa najua kwamba si vizuri, kwa sababu nilikuwa nikichelewa kucheka kidogo, nikitazama kwanza kama wengine wanacheka. Katikati ya darasa la tano hakuonekana tena. Mwalimu alilifuta jina lake katika daftari la mahudhurio, na mtoto mwingine akahamia kwenye kiti chake. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumpiga, na nadhani ndiyo sababu hakuna hata mmoja aliyeulizwa.

Kwa hiyo, mzazi ambaye mwanao haonewi wala haonei, usidhani makala hii haikuhusu. Mwanao yumo katika wale wanaotazama. Mfundishe kwamba kutocheka ni kitendo. Mfundishe kwamba anaweza kumwita anayeonewa kwa jina, "Njoo, mwalimu anakuita," na kumtoa pale bila ya kumgusa mbabe. Anaweza kwenda kuketi naye chini ya mwarobaini. Haya hayahitaji misuli.

KUMWONA MWALIMU

Mzazi anapokwenda shuleni, na aende akijua hali ya mwalimu anayemwendea. Kiwango kilichowekwa ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja. Katika shule nyingi za mijini mwalimu anasimama mbele ya watoto themanini, na mia moja si ajabu. Hawezi kuona kila kitu kinachotokea nyuma ya darasa, achilia mbali kwenye kivuko. Ukiingia kwa kelele, "Mwanangu anaonewa na ninyi mnatazama tu," utamfanya ajitetee, na mtu anayejitetea hasikilizi.

Nenda na karatasi. Iandike tarehe, mahali, kilichotokea, waliokuwapo. Maelezo ya wiki mbili ya namna hiyo, hata yakiwa kwa mwandiko mbaya, yana uzito kuliko machozi. Omba jambo moja au mawili yanayowezekana: mtoto abadilishiwe kiti, mwalimu wa zamu asimame karibu na vyoo wakati wa mapumziko. Uliza utarudi lini kupata jibu, na urudi siku hiyo. Ikishindikana, kuna mwalimu mkuu, kuna kamati ya shule, kuna ofisa ustawi wa jamii. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwananchi anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuitaarifu serikali ya mahali pake. Ipo pia simu ya bure ya huduma kwa mtoto, namba 116, ambayo hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Jambo moja la shuleni lazima lisemwe waziwazi, nalo ni viranja. Ziko shule ambako kiranja wa miaka kumi na miwili hukabidhiwa fimbo alinde utulivu wakati mwalimu hayupo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, na kwamba anayeruhusiwa kuvitoa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa idhini naye kwa maandishi. Kiranja hayumo. Shule inayompa mtoto fimbo awapige watoto imekwisha kuanzisha uonevu kwa mkono wake, hata ikaubandikia jina la nidhamu. Na kwa maoni yangu, kumcharaza mbabe mbele ya mstarini humfundisha jambo analolijua tayari, kwamba mwenye fimbo kubwa ndiye mshindi. Atangoja tu mpaka apate ya kwake.

KAMA MBABE NI WAKO

Haiwezekani kwamba katika wasomaji wote wa ukurasa huu hakuna hata mmoja ambaye mwanawe ndiye anayengoja kivukoni. Ukiitwa shuleni kuambiwa hivyo, neno la kwanza litakalokujia ni "Mwanangu? Haiwezekani." Limeze. Sikiliza mpaka mwisho. Kisha nyumbani tazama anavyosemeshwa na kaka zake, anavyopigwa na nani, anachokiona baba anapogombana na mama. Mwambie bila kuzungukazunguka kwamba kitendo hicho hakitakubaliwa, na kwamba atarudisha alichokichukua kwa mkono wake mwenyewe. Mpe kazi ya kulea: kumpeleka mdogo wake shuleni, kwa mfano. Mtoto mwenye nguvu na sauti ya kuamuru hakosi faida katika jamii. Hajapewa tu kazi ya kuifanya.

Kati ya wale wavulana wawili wa darasa la sita, mmoja alikuja kufahamika kuwa anaishi kwa shangazi yake, akiondoka nyumbani asubuhi bila chai wala senti. Shangazi alipoitwa shuleni alikuja, akasikitika, na kwa wiki tatu alituma Sh. 500 kila Jumatatu mpaka deni alilokadiriwa likaisha. Mvulana huyo haonekani tena kivukoni. Mwenziwe baba yake aliitwa mara tatu, hakutokea. Mwaka ulipokwisha alipanda darasa la saba, na nasikia amepata mdogo mwingine wa kumngoja, upande wa pili wa shule. Mama mshonaji amekwisha kulipeleka jina lake kwa mwalimu mkuu, ingawa safari hii aliyeonewa si wa kwake.

Mtoto wetu bado mara mojamoja huamka Jumatatu akishika tumbo. Mama yake humwuliza, "Ni tumbo la chakula au tumbo la shule?" Wiki iliyopita nilimsikia kupitia dirishani akifikiri kidogo, kisha akajibu kwamba ni la chakula, amekula maembe mabichi.